Halloween Horror Nights ya Orlando: mwongozo kamili, kuanzia tiketi hadi kutoka maegeshoni

Kila ikikaribia Oktoba maswali kuhusu Halloween Horror Nights, nyusiku za vitisho kwenye bustani ya burudani ya Universal huko Orlando, Florida, huwa yaleyale. Huyu amenunua tiketi ya mchana ya Universal, na ilipogonga saa kumi na moja jioni akaambiwa bustani imefungwa. Yule amefika Jumamosi saa mbili usiku, akaona nyumba za vitisho mbili tatu kati ya kumi, akarudi hotelini miguu imevimba. Mwingine kaleta watoto wa miaka sita wakiwa na vinyago usoni, kumbe mavazi ya namna hiyo hayapiti getini.

Ukifuatilia utaona karibu wote walikosea kabla hawajalifikia lango. Kwa hiyo hatua za mwanzo hapa unazifanya ukiwa umekaa nyumbani, simu mkononi, na hizo ndizo nitakazozieleza kwa kirefu.

Jambo la saa kwanza. Nataja saa kwa Kiswahili. Tiketi ikiandika 6:30 PM maana yake ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na 2:00 AM ni saa nane usiku. Tiketi ya tarehe 3 inaishia alfajiri ya kuamkia tarehe 4, kwa hiyo ndege ya asubuhi ya tarehe 4 usiikatie tiketi.

Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi ya tukio lenyewe, yenye tarehe ya usiku unaokwenda.
- Kitambulisho halisi chenye picha. Mgeni abebe pasipoti. Picha ya pasipoti kwenye simu haitakusaidia ukitaka kununua bia, kwa kuwa Marekani pombe ni kuanzia miaka 21 na wauzaji huomba kitambulisho hata kwa mtu mwenye mvi.
- Raba ulizokwisha kuzizoea. Raba mpya zitakutoa malengelenge kabla ya saa nne usiku.
- Koti jepesi la mvua linalokunjika. Mwavuli ni kero kwenye foleni.
- Simu yenye chaji kamili, programu ya Universal Orlando ikiwa imeshapakuliwa, na pawabenki.
- Kadi ya benki.
- Vizibo vya masikio kwa asiyependa kelele.
- Begi dogo, au usibebe kabisa. Mlangoni kuna ukaguzi na mashine za kugundua chuma, na begi kubwa linakuchelewesha wakati ambao kila dakika ina thamani.

Hatua ya 1: Hakikisha tukio hili linakufaa

Anza hapa, kwa sababu tiketi ukishainunua hairudishwi.

Halloween Horror Nights hufanyika ndani ya Universal Studios Florida. Kuna nyumba kumi za vitisho, maeneo ya wazi ambako watishaji, yaani waigizaji wa kutisha, hutembea katikati ya watu, maonyesho ya jukwaani, na baadhi ya mashine za kawaida za kupanda za bustani zinazoendelea kufanya kazi. Ndani ya nyumba kuna damu ya bandia, maiti za bandia, moshi wa mashine, taa zinazomweka kwa kasi, milio ya ghafla, na mara nyingine harufu mbaya iliyowekwa makusudi. Huko nje utakutana na watu wenye misumeno ya injini inayonguruma. Minyororo imetolewa, ila mlio ni uleule.

Watishaji hawakugusi. Watakusogelea hadi usikie pumzi zao, lakini hawaruhusiwi kukushika, na wewe vilevile huruhusiwi kuwashika. Ukimpiga ngumi mtishaji kwa kushtuka, usiku wako umeishia hapo.

Universal wenyewe wanashauri watoto chini ya miaka 13 wasiletwe. Mlangoni huenda asikuzuie mtu, na hapo ndipo wazazi wanapoteleza. Mtoto wa miaka saba akianza kulia kwenye nyumba ya kwanza, mmoja wenu atakaa naye nje hadi usiku wa manane kwa tiketi ambayo bei yake ni ya mtu mzima. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, mwenye shida ya moyo na mjamzito nao wachague kitu kingine.

Wasomaji Wakristo na Waislamu huniuliza pia kama inafaa kwenda mahali penye mapepo na wachawi, hata kama ni maigizo. Hilo lizungumzeni nyumbani kabla ya kulipa. Nimeona familia zikigawanyika getini, baba nje na vijana ndani. Usiku wa Orlando ni ghali mno kutumika kwa mjadala wa aina hiyo.

Wenye watoto wadogo wana njia nyingine hukohuko. Magic Kingdom ya Disney ina sherehe iitwayo Mickey's Not-So-Scary Halloween Party: tiketi yake ni ya peke yake, wenye tiketi huanza kuingia saa kumi jioni, na sherehe hudumu kuanzia saa moja usiku hadi saa sita. Watoto hugawiwa peremende, na mavazi ya Halloween yanaruhusiwa, ila wenye miaka 14 na zaidi hawaruhusiwi kufunika uso kwa kinyago. SeaWorld Orlando nayo ina shughuli ya mchana ya watoto iitwayo Halloween Spooktacular. Angalia jina vizuri unapolipa, maana ya usiku ya hapohapo SeaWorld inaitwa Howl-O-Scream, na hiyo ni ya kutisha.

Hatua ya 2: Chagua usiku kabla ya kununua ndege

Msimu huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba na kuendelea hadi Oktoba iishe, mara nyingine hadi siku za mwanzo za Novemba. Hauwi kila usiku. Kwa kawaida ni Jumatano hadi Jumapili, na nyusiku chache zinaongezwa.

Jumamosi zote za Oktoba zikwepe. Ijumaa ni nafuu kidogo tu. Wikiendi ya Columbus Day, ambayo hufuatwa na Jumatatu ya pili ya Oktoba, Wamarekani wengi wana mapumziko na foleni ya nyumba moja inaweza kupita dakika 120. Hata usiku wa ufunguzi, ingawa ni mapema msimu, hujaa mashabiki wanaotaka kuwa wa kwanza.

Usiku mzuri ni Jumatano au Jumapili ya Septemba. Watoto wa Marekani wako shule, tiketi ni rahisi zaidi, na watishaji bado wana nguvu za mwanzo wa msimu. Kasoro yake ni joto na mvua za jioni.

Kuhusu hali ya hewa: msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo tukio lote limo ndani yake. Oktoba 2024 kimbunga Milton kilifanya nyusiku mbili zifutwe. Mvua ya kawaida haifuti chochote na haikurudishii hela. Ukisafiri kutoka mbali, acha angalau usiku mmoja wa akiba baada ya ule uliopanga.

Dalili kwamba umechagua vizuri: kwenye kalenda ya bei, usiku wako uko miongoni mwa zile za bei ya chini. Bei hufuata wingi wa watu, kwa hiyo kalenda hiyo inakuonyesha ukubwa wa foleni kabla hujafika.

Hatua ya 3: Nunua tiketi sahihi

Hapa ndipo wengi huanguka, basi soma polepole.

Universal Orlando ina bustani kadhaa: Universal Studios Florida, Islands of Adventure, Volcano Bay yenye michezo ya maji, na Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025. Tiketi ya mchana ya bustani hizo haikuingizi kwenye Halloween Horror Nights. Hata tiketi ya siku tatu ya bustani zote haikuingizi. Usiku wa tukio, Universal Studios Florida hufungwa kwa wageni wa mchana saa kumi na moja jioni, watu hutolewa, kisha hufunguliwa tena kwa wenye tiketi ya tukio.

Unachotafuta kwenye tovuti au programu ya Universal ni tiketi ya usiku mmoja yenye jina la tukio na tarehe. Bei hubadilika kwa usiku. Weka bajeti ya kuanzia kama dola 80 kwa usiku tulivu, na zaidi ya dola 100 kwa usiku wenye watu. Bei unayoiona kwanza haina kodi. Wilaya ya Orange, ilipo Orlando, hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.5, kwa hiyo usishtuke kiasi kikipanda mwisho.

Nunua kutoka kwa Universal wenyewe. Mtu anayekuuzia kwenye kundi la WhatsApp "tiketi ya binamu aliyeahirisha safari" anaweza kuwa mkweli, lakini msimbo wa tiketi ukishatumika mara moja haufai tena, na huwezi kujua ameutuma kwa wangapi.

Anayeishi Florida au anayetaka kwenda nyusiku nyingi atazame pasi za msimu za tukio zinazoruhusu kuingia mara kadhaa. Kwa mwenyeji nyusiku mbili au tatu zinatosha kurudisha gharama. Mgeni wa wiki moja hana haja nazo.

Hatua ya 4: Express, ndiyo au hapana

Express ni nyongeza inayokupa foleni fupi, mara moja kwa kila nyumba. Inauzwa mbali na tiketi, na usiku wenye watu wengi bei yake huizidi tiketi yenyewe. Familia ya watu wanne hapo imeshafika hela ya nauli ya ndege.

Mtazamo wangu ni huu: ukienda Jumatano ya Septemba na ukafuata hatua ya 6 hapo chini, usiinunue. Ukilazimika kwenda Jumamosi ya Oktoba, na huo ndio usiku wako pekee, inunue au ukubali kuona nyumba nne. Na Express haimaanishi kuingia bila kusubiri. Foleni ya dakika 100 inaweza kukuchukua nusu saa ukiwa nayo.

Ziko pia ziara zenye kiongozi, ambazo huingiza kundi dogo mbele ya wote. Ni nzuri na ni ghali kwelikweli.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, kabla ya jioni

Lala mchana. Utakuwa umesimama hadi saa nane usiku, na saa mbili za mwisho ndizo zenye foleni nzuri. Aliyezunguka Epic Universe tangu asubuhi hafiki hapo.

Kula chakula cha maana kabla ya kuingia. Ndani kuna vyakula vya msimu, na chipsi za mtindo wa pizza zina wapenzi wake, lakini bei ni ya bustani na foleni zake nazo ni foleni. Waislamu waulize kwanza kama zina nyama ya nguruwe.

Fungua programu, ingia kwenye akaunti, hakikisha tiketi inaonekana. Piga picha ya skrini ya tiketi za wote mliokuja pamoja, maana intaneti husuasua watu wakijazana.

Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, pawe sehemu yenye mwanga na isiyo na watishaji, kama mlango wa mgahawa fulani.

Kuhusu nguo, acha mavazi ya Halloween nyumbani. Vinyago na mavazi ya kuigiza haviruhusiwi kwa wageni, kwa sababu za usalama na ili watu wasichanganyikiwe nani mfanyakazi nani mgeni. Fulana ya rangi ya Halloween haina shida.

Hatua ya 6: Fika mapema, au uwe tayari ndani

Hii ndiyo hatua inayotenganisha aliyeona nyumba tisa na aliyeona tatu.

Njia bora inaitwa Stay & Scream. Kama una tiketi ya mchana ya siku hiyo pamoja na tiketi ya tukio, unakuwa ndani ya Universal Studios Florida kabla ya saa kumi na moja jioni. Bustani ikifungwa hutoki, unaelekezwa kwenye eneo maalumu la kusubiri, tiketi yako inakaguliwa, na baadhi ya nyumba hufunguliwa kwenu kabla ya lango kuu. Miaka ya karibuni imekuwepo pia tiketi ya nyongeza iitwayo Scream Early kwa asiye na tiketi ya mchana. Tazama kama ipo kwa usiku wako.

Maeneo ya kusubiri ni zaidi ya moja, na kila moja liko karibu na nyumba tofauti. Angalia kwenye programu lipi liko jirani na nyumba unayoitaka sana, ufike nusu saa kabla ya kufungwa. Ukifika saa kumi na moja kamili utakuwa nyuma ya mamia.

Asiye na tiketi ya mchana awe maegeshoni saa kumi na moja jioni. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, lakini kuna foleni ya magari, ya ukaguzi, kisha ya lango lenyewe, na kati ya maegesho na lango ni kutembea ndani ya CityWalk, eneo la maduka na migahawa. Maegesho hulipiwa, panga zaidi ya dola 30. Siku nyingine huwa bure baada ya saa kumi na mbili jioni, ila nyusiku za tukio hapana.

Aliyelala kwenye hoteli za Universal amepewa lango lake la kuingilia, lenye foleni fupi. Hiyo ni sababu halali ya kulipa hoteli hizo usiku mmoja.

Umefaulu kama umetoka nyumba ya pili na jua bado halijazama.

Hatua ya 7: Panga nyumba kwa saa, achana na ramani

Kosa la kawaida ni kuanza na nyumba iliyo karibu na lango. Kila anayeingia hufanya hivyohivyo, na foleni inafura mbele ya macho yako.

Lango kuu likishafunguliwa, nenda nyuma kabisa ya bustani, kisha rudi taratibu kuelekea mbele. Nyumba zilizojengwa juu ya filamu au michezo maarufu ya video ndizo zenye foleni kubwa, kwa hiyo hizo zifanye kabla ya saa mbili usiku. Zile zilizobuniwa na Universal wenyewe huwa na foleni fupi, na kwa maoni yangu mara nyingi ndizo zinazotisha zaidi, kwa sababu hujui kitakachotokea kona inayofuata.

Kati ya saa mbili na saa tano usiku foleni zinakuwa kwenye kilele. Usipambane nazo. Huu ni wakati wa kutazama maonyesho, kutembea maeneo ya wazi ya vitisho, kupumzisha miguu, na kupanda mashine kama Revenge of the Mummy, ambayo usiku huo mara nyingi ina foleni fupi kuliko mchana. Omba kikombe cha maji yenye barafu kwenye mgahawa wa kujihudumia, hakiuzwi.

Tazama programu kila baada ya muda, kwa kuwa dakika za kusubiri huandikwa humo. Mvua ikinyesha usikimbie hotelini. Vaa koti lako uende kwenye nyumba yenye foleni kubwa, watu wanapojificha nafasi ni yako. Lakini radi zikianza, fuata maelekezo ya wafanyakazi bila ubishi.

Hatua ya 8: Namna ya kupita ndani ya nyumba

Watu huingizwa mfululizo, mmoja nyuma ya mwingine, bila kusimama. Mtishaji anaruka kutoka kwenye tundu la ukutani au nyuma ya pazia, anarudi, anaruka tena. Aliye hatua tano mbele yako akishtuliwa, wewe umeshaona siri. Kwa hiyo acha nafasi ndogo mbele yako bila kusimamisha foleni. Mfanyakazi akisema "songa", songa.

Macho yakishindwa kuzoea giza, mshike bega mwenzako. Usishike kuta wala mapazia. Simu iwe mfukoni, maana picha na video ndani ya nyumba haziruhusiwi, na mwanga wake unawaharibia walio nyuma.

Mwoga wa kweli asiwe wa kwanza wala wa mwisho kwenye kundi, akae katikati. Na asifumbe macho akitembea, sakafu ina miinuko na ni rahisi kujikwaa. Ukizidiwa kabisa, mwambie mfanyakazi yeyote aliye ndani, atakuonyesha njia ya kutokea kabla ya mwisho. Hutakuwa wa kwanza kuomba.

Watishaji hutafuta anayeonyesha woga. Anayepiga kelele na kujificha nyuma ya mumewe ndiye watakayemfuata. Ukimtazama usoni na kupita kimya atakuacha, ingawa hapo umelipa dola mia kutembea kwenye korido yenye giza.

Hatua ya 9: Saa ya mwisho

Kuanzia saa saba usiku wenye watoto na waliochoka wameondoka. Nyumba iliyokuwa na foleni ya dakika 90 inaweza kuwa na 30. Hapa ndipo usingizi wako wa mchana unalipa.

Bakiza nyumba moja kubwa kwa ajili ya wakati huu. Kwa kawaida aliyeingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga huruhusiwa kumalizia, kwa hiyo jipange dakika kumi kabla. Hakikisha tu usiku wako unaishia saa nane, maana kuna nyusiku zinazofungwa mapema zaidi.

Hatua ya 10: Kutoka

Maelfu ya watu hutoka kwa pamoja. Bei ya Uber na Lyft hupaa, na maegesho hufungana. Ulipoegesha jioni ulitakiwa upige picha ya jina la sehemu na namba ya safu, kwa sababu usiku wa manane ghorofa zote zinafanana. Mliolala hoteli za Universal zilizo jirani mna njia ya miguu, na kwa wenye hoteli za barabara ya International Drive mwendo wa gari ni mfupi, lakini kwa miguu hakikisha njia ina taa.

Dereva awe mmoja, asinywe pombe, na akisinzia msiondoke. Kama mnataka kuita gari, kaeni CityWalk nusu saa, nunueni maji, subirini bei ishuke kwenye simu, halafu ndipo mliite.